Firigisi Iliyonilaza

Kwa mama yangu, kijijini Kisawasawa, kuku akichinjwa kila mtu anajua sehemu yake hata kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka. Watoto wana shingo na miguu. Mgeni ana paja. Wanawake tunagawana mgongo na mabawa huko huko jikoni. Firigisi ni ya baba. Nimekua nikiiona inapita mbele yangu, iko peke yake kwenye kibakuli, mama kaishika kwa mikono miwili anaipeleka barazani. Baba anaitafuna taratibu huku anatazama milima, wala hana habari na sisi tunaomeza mate mlangoni. Tuliambiwa msichana akila firigisi atakuwa na kiburi. Mimi kiburi nilikuwa nacho tayari, tena bila firigisi.

Baba alipofariki nilidhani mambo yatabadilika. Thubutu! Firigisi ikahamia kwa kaka. Kaka yangu ni mtu mwema, na mema yake nitayasema huko mbele, lakini mnielewe: pumba za kuwalisha wale kuku nilikuwa nanunua mimi, kwa pesa ya cherehani yangu, na yeye kazi yake ilikuwa kunawa mikono na kukaa. Mimi ni fundi wa nguo Ifakara mjini, nakaa Lipangalala, nimelea wanangu peke yangu mpaka wakaenda kujitegemea. Kwangu baba ni mimi. Sasa iweje nikifika kwa mama nirudishwe kwenye mgongo na mabawa?

Jumapili moja, mavuno yameisha na watu wana nafasi, nikapanda basi na jogoo wangu mwekundu kwenye kapu. Jogoo nimemnunua mwenyewe, kapu langu, nauli yangu. Njia nzima nilikuwa najisemea moyoni: leo ndiyo leo.

Kaka akamchinja yule jogoo, akaenda kuoga. Mama alikuwa uani anachambua mboga. Nikabaki jikoni na nyama. Nikaipasua firigisi, nikaiosha, nikabandua ile ngozi yake ya njano, nikaipaka chumvi, nikaitupia kwenye makaa. Mpango wangu ulikuwa iive vizuri, niile nikiwa nimekaa, nikitazama milima kama marehemu. Lakini mara nikasikia kandambili za kaka zinakuja, pata, pata, pata. Huyu mtu siku zote anaoga nusu saa, siku hiyo sijui kilimkimbiza nini. Nikaiopoa ile firigisi kwa vidole, nikaipuliza, nikaing'ata nimesimama. Nje ilikuwa imeungua, ndani nyekundu kabisa. Niliona, siwadanganyi. Nikaitafuna hivyo hivyo.

Kaka akaingia, akafunua sufuria, akafunika, akafunua tena.

"Mama," akaita, "firigisi iko wapi?"

"Nimekula," nikamjibu, mdomo bado umejaa.

Mama aliingia na mboga zake, akazishusha chini, akajishika kichwa. Mama akikasirika anaacha Kiswahili, anahamia Kipogoro, na siku hiyo alihama na mizigo yote. Kaka alinuna, akala paja kama anakula dawa. Na mimi je? Ilikuwa ngumu, haina ladha, nusu moshi nusu damu. Lakini raha niliyoipata, jamani! Nilirudi Ifakara nacheka mwenyewe kwenye basi.

Katikati ya wiki tumbo likaanza. Likanisokota, homa ikapanda, nikawa mtu wa kwenda chooni na kurudi, mwisho nikaona na damu. Nikanunua dawa, nikanywa maji ya chumvi na sukari, baada ya siku chache nikawa mzima. Tumbo la kuharisha ni jambo la kawaida, nani analisimulia? Nikarudi kwenye cherehani na nikalisahau.

Kama wiki mbili zilipita. Asubuhi moja nikaamka nyayo zina ganzi, kama nimezikalia. Nikazipigapiga sakafuni, nikaenda kazini. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wangu unalijua lile kanyagio kuliko ninavyowajua majirani. Siku hiyo mguu haukuwa unajua kanyagio liko wapi. Nakanyaga pembeni, uzi unakatika, naufunga, unakatika. Nikamlaumu aliyeniuzia uzi. Kesho yake nikawa napanda ngazi moja ya pale kibarazani kwa kushika nguzo. Siku iliyofuata nikakaa kushona, na ilipofika mchana nikataka kuinuka. Sikuinuka. Nikajaribu tena, nikashika meza, nikavuta. Magoti yalikuwa kama ya mtu mwingine. Jirani anayeuza vitenge aliniita, "Fundi, vipi?" Nikamwambia sina kitu, nimechoka tu. Kisha nikaanza kulia.

Majirani wanne wakaniingiza kwenye bajaji, maana mwili wangu si haba, mwenye bajaji akawa anaomba Mungu kwa sauti.

Hospitali nikapokelewa na daktari wa kike, binti mdogo tu, ananiamkia shikamoo huku ananigonga goti kwa kinyundo cha mpira. Akagonga, goti kimya. Akagonga lingine, kimya. Akagonga kwenye kifundo, akanikwaruza unyayo, akaniuliza naona nini, nikamwambia naona unanisumbua. Akacheka, lakini macho hayakucheka. Wakanitoa maji ya uti wa mgongo kwenda kuyapima. Mama na kaka walikuwa wamefika kutoka Kisawasawa, wamesimama pembeni ya kitanda.

"Mama," daktari akaniuliza, "wiki chache zilizopita uliumwa? Mafua, homa, tumbo?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu akajibu. "Alikula firigisi."

Mama alikuwa anamaanisha mwiko. Alikuja na jibu lake tangu kijijini, alilitafuna njia nzima: mwanamke kala sehemu ya baba, marehemu kakasirika, kamchukua miguu. Nilitamani kitanda kinimeze. Nikamgeukia yule binti nimwombe radhi kwa maneno ya mzee. Lakini daktari alikuwa ameacha kuandika.

"Ilikuwa imeiva?" akauliza.

Wote wakanitazama mimi. "Nje," nikasema.

Ndipo akatueleza. Kuna bakteria wanaopenda kukaa kwenye utumbo wa kuku, na kuku mwenyewe hawamsumbui hata kidogo. Mtu akiwameza na nyama isiyoiva, au kwa maji machafu, au maziwa mabichi, wanamharisha. Wengi wanapona na habari inaishia hapo. Lakini mmoja mmoja, tena ni wachache sana, kinga ya mwili ikishajifunza sura ya wale bakteria ili iwaue, inakuta kwenye mishipa ya fahamu kuna kitu kinachofanana nao. Basi inaanza kuishambulia mishipa yenyewe. Bakteria wameshaondoka zamani, tumbo limepoa, na vita ndiyo kwanza inaanza. Akasema kuapa kwamba ni ile firigisi hawezi, kwa sababu hakuna tena cha kupima. Ila hadithi yangu inaelekea huko.

"Si nilisema!" mama akamwambia kaka.

Nilikasirika, we acha tu. Nimesoma mpaka darasa la saba, nasikiliza redio kila siku, halafu mama na mwiko wake wanatokea washindi mbele ya daktari! Nikaanza kumweleza kwamba kosa halikuwa la firigisi, lilikuwa la moto. Angeila kaka ikiwa vile, angelala yeye. Mama hakuelewa habari za kinga na mishipa, akawa ananitikisia kichwa tu. Hapo nikakumbuka shamba letu la mpunga.

Kule kwetu bondeni kuna mpunga pori, nyasi inayoota katikati ya mpunga. Ikiwa changa, haina tofauti na mpunga wenyewe. Mama anaitambua kwa kuinama na kutazama shina. Mimi nilipokuwa mtoto sikuwa na muda wa kuinama. Nilikuwa nang'oa twende, mpunga na nyasi pamoja, na nyuma yangu panabaki matope matupu. Nilichapwa sana kwa ajili hiyo.

"Mama," nikamwambia, "bakteria ni ile nyasi. Mishipa ni mpunga. Kinga ya mwili wangu inapalilia bila kutazama shina."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mwili wako unapalilia kama wewe."

Daktari alicheka mpaka akaweka faili chini. Hata mimi nilicheka, na hofu yangu ile. Kisha mama akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa.

"Na huo mpunga uliong'olewa, unarudi?"

"Kwa wengi unarudi, bibi," daktari akasema. "Lakini polepole. Miezi, pengine zaidi. Kwa wengine haurudi wote. Siwezi kukuahidi."

Miguu yangu ndiyo iliyonilisha. Ndiyo iliyosomesha watoto, kanyaga kanyaga, sare za shule, magauni ya kipaimara, mashati ya kwaya. Nililala pale nikiitazama chini ya shuka, imelala kama vigogo viwili, na nikawaza nitakuwa nani bila hiyo miguu. Mama alitazama uso wangu muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kutangaza, wodi nzima ikasikia:

"Kwangu hachinjwi kuku mpaka huyu aingie jikoni kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa."

Kaka alishtuka. "Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Ile wodi niliizoea. Ganzi ilipanda mpaka kwenye mapaja, mikono ikalegea, upande mmoja wa uso ukalala nikawa nakunywa chai inamwagikia kifuani. Daktari alisema kinachowatia wasiwasi ni pumzi, maana ule ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye misuli ya kifua. Wakawa wananipima kwa kunihesabisha: vuta pumzi, hesabu kwa sauti mpaka ikuishie. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye utani, alisema mimi sihitaji kuhesabishwa, ananisikia nikigombana tangu mlangoni. Na kweli niligombana. Mteja wangu mmoja alikuja kuniona, kaniletea machungwa, kanipa pole, kasikitika kabisa. Alipoinuka kuondoka akanong'ona, "Fundi, lile gauni langu, ni Jumamosi kweli?" Sisi mafundi tunasifika kwa uongo, kila siku nguo iko tayari bado vifungo. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa na sababu ya kweli, na bado hakuniamini!

Halafu ikaja siku nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu, sauti ikawa inaishia njiani. Wakasogeza kitanda changu karibu na meza yao. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema, niliogopa kufa, mchana kweupe, watu wanapita na ndoo za maji. Kaka akavuta kiti, akakaa, akaanza.

"Unajua," akasema, "hata kupika hujui. Firigisi tu imekushinda kuchoma."

Nikafumba macho.

"Mwizi wa firigisi. Na hata huo wizi hujui. Mwizi mwenye akili anaiba kilichoiva."

"Ilikuwa... yangu," nikasema.

"Sijasikia."

"Jogoo... nilinunua... mimi!"

"Ulinunua jogoo. Firigisi uliikuta ndani tu."

Aliniudhi siku nzima, hajala, hajanywa. Kila nikinyamaza anatafuta neno jingine. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na kila jibu lilitoka refu kidogo kuliko la kwanza. Jioni muuguzi akaja kunihesabisha, akamtazama kaka, akamletea chai. Ndipo nikaelewa alichokuwa anafanya, nikalia, na yeye akaniambia nisimlilie, nimlipe firigisi yake.

Ugonjwa ukafika mwisho wa kupanda, ukasimama. Hauondoki, unasimama tu, kama basi lililoishiwa mafuta. Wakaniruhusu niende kwa mama, nirudi kliniki kwa tarehe zangu, nifanye mazoezi kila siku. Na hapo ndipo mema ya kaka niliyowaahidi yanapokuja. Alikata mianzi, akachimbia nguzo uani, akafunga reli mbili kutoka mlango wa chumba changu kuelekea jikoni, niwe nashika huku na huku. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alipoambiwa alisema hata wao hawana ndefu hivyo. Msidhani ni upendo mtupu. Kaka anapenda kuku kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Maana mama hakutania. Kuku wakazaana. Majogoo wakawa wanawika kwa zamu, mitetea wakataga kwenye kapu la nguo zangu, mmoja akaangua vifaranga chini ya kitanda changu na mimi nipo juu yake siwezi kumfukuza. Ndugu wakija kuniona wanapikiwa mchicha, huku kuku wanapita katikati ya miguu yao. Krismasi tulikula kambale. Kaka alikaa mezani anatazama nje ya dirisha, akasema hajawahi kuona mateso ya namna ile.

"Tembea wewe!" ananiambia kila asubuhi. "Watu tumechoka samaki!"

Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja nilianguka kwenye zile reli nikabaki chini, mdomo kwenye vumbi, jogoo mmoja akaja akanichungulia usoni. Kaka aliniinua, akasema kwa upole kabisa kwamba siku hizi kuna mota, unafunga kwenye cherehani, hukanyagi chochote. Nikaona amekata tamaa. Nikamrushia kikombe cha plastiki kilichokuwa karibu, na kikampata kwenye sikio. Tulitazamana. Wiki chache kabla nilikuwa sishiki hata kijiko.

"Basi," akasema akijisugua sikio, "mota tuiache."

Nguvu ilirudi kwa mpangilio wake, mikono kwanza, kisha nyonga, magoti, nyayo za mwisho. Leo hii ninavyoandika niko kwenye cherehani yangu Ifakara, nakanyaga. Vidole vya mguu wa kushoto bado vina ganzi na jioni vinachoma. Daktari anasema huenda vikabaki hivyo. Vibaki tu, sishonei vidole. Lile gauni la mteja nalo nilimshonea, likamkuta ameshanenepa.

Lakini siku yenyewe nataka niisimulie. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, uani kuna utelezi. Niliinuka kitandani, nikafika mlangoni, nikashika mianzi ya kaka. Nikaenda mpaka mwisho wake. Kutoka pale hadi mlango wa jikoni palikuwa na nafasi ya wazi kama upana wa mkeka, kaka hakufikisha mianzi hapo kwa sababu mama alikataa nguzo mlangoni kwake. Siku nyingine zote niliishia hapo, nageuka. Siku hiyo niliachia. Nikapiga hatua, nikayumba, nikapiga nyingine. Kaka alikuwa kwenye banda, ameshika jembe, hapumui.

Mama alikuwa amechuchumaa anapuliza moto, amenipa mgongo. Akasikia kandambili.

"Nani?"

"Mimi."

Aligeuka. Akanitazama kuanzia chini, miguu kwanza, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna aliyenishika. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi.

"Kamata yule mweupe," akamwambia kaka. Kaka alishatupa jembe zamani, anamkimbiza.

Yule jogoo alichemshwa jamani! Alichemshwa asubuhi, akachemshwa mchana. Kaka alikuja mlangoni kuuliza kama bado, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa. Firigisi ilikuwa ndani ya sufuria hiyo hiyo. Mama aliitoa, akaipasua katikati, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango kutazama rangi, akairudisha. Baadaye akaitoa tena, akaipasua vipande vinne, akavitazama kimoja kimoja, akavirudisha tena. Nyama ilikuwa inaachana na mifupa yenyewe.

Mwishowe akaileta kwenye kibakuli, kile kile cha marehemu. Kaka na mimi tumekaa mkekani, huku na huku. Nilikuwa nimeshaamua moyoni nimwachie kaka, maana ile siku ya wodini siwezi kuilipa kwa kitu kingine. Naye kumbe alikuwa ameamua aniachie mimi. Aliniambia baadaye. Mama alikaa katikati yetu na kibakuli mapajani.

"Naonja mimi kwanza," akasema. "Nione kama imeiva."

Miaka yote hiyo ameipika, ameibeba kwa mikono miwili kwenda barazani, na hakuwahi kuionja hata chumvi. Alichukua kipande, akaking'ata kwa meno ya mbele, kwa woga. Akatafuna. Akafumba macho.

"Bado kidogo," akasema, akachukua cha pili.

Tukasubiri. Cha pili alikitafuna polepole zaidi, anatazama milima.

"Huku nako bado."

Kaka alinitazama, mimi nikamtazama yeye, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mama alichukua cha tatu, akakimaliza, akafuta mchuzi kidevuni, akaingiza mkono kibakulini.

"Mama," nikamuuliza, "imeiva?"

"Haijaiva," akasema, anatafuna kipande cha mwisho. "Siwezi kumpa mwanangu."